Gehazi Alianguka Kabla ya Kukimbia

Wengi wetu tukisikia habari za Gehazi hukumbuka ukoma wake tu. Adhabu ile yatisha kweli, lakini fundisho kubwa liko nyuma yake, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5, pale mtumishi huyu wa nabii Elisha alipokuwa bado hajanyanyua mguu.

Naamani, jemadari wa Shamu, alikuwa ametakaswa ukoma wake baada ya kujichovya Yordani mara 7. Alikuja na talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10, akamsihi Elisha apokee zawadi. Elisha akaapa kwa jina la Bwana kwamba hapokei kitu. Gehazi hakumpinga bwana wake. Alinyamaza, kisha akaapa moyoni, kwa jina lile lile, kwamba atamfuata Mshami huyo apate kitu kwake. Kiapo ambacho nabii alikataa nacho mali, mtumishi aliitamani mali kwa hicho hicho!

Nasema udanganyifu ulianza hapo, wala si mbele ya Naamani. Mtu wa kwanza kudanganywa na Gehazi ni Gehazi mwenyewe. Tamaa haikumjia kwa sura ya wizi. Ilimjia kwa sura ya haki: mtu ni mgeni, ni tajiri, na mali yenyewe alikwisha kuitoa kwa hiari. Nani ataumia?

Baada ya hapo uongo wa mdomo ulikuwa mwepesi. Alidai ametumwa na bwana wake, kwamba wamefika vijana wawili wa wana wa manabii kutoka milima ya Efraimu. Aliomba talanta moja na mavazi mawili, akapewa talanta mbili. Angalieni kwamba hakujiombea nafsi yake; alitanguliza wahitaji. Hili ndilo linichomalo zaidi, kwa maana Naamani ndiyo kwanza alikuwa amemjua Mungu ambaye rehema yake haiuzwi, na hapo hapo njiani akadaiwa bei. Wanaochangisha kwa jina la yatima hali fungu lao wamekwisha kulitenga wanafuata nyayo hizo hizo.

Watu husema kila mwanadamu ana tamaa. Ni kweli. Hata Yakobo, katika waraka wake, anaonyesha kuwa kuna hatua kati ya mtu kuvutwa na dhambi kuzaliwa. Kinachoilea tamaa katikati hapo ni kufichwa. Akani alizika nyara za Yeriko ndani ya hema yake, na kwa ajili ya kosa hilo watu kama 36 wakauawa vitani huko Ai. Mfalme Daudi alihangaika kuificha mimba ya Bathsheba hata akamkabidhi Uria, mume wa mwanamke huyo, barua ya kumwua yeye mwenyewe, aipeleke kwa jemadari Yoabu kwa mkono wake.

Gehazi aliporudi, Elisha alimwuliza ametoka wapi. Nabii alikuwa anajua. Kwa nini basi aulize? Naamini swali lile lilikuwa nafasi ya toba. Talanta zilikuwa bado nyumbani, Naamani hajafika mbali, yote yangeweza kurudishwa jioni ile. Gehazi akajibu kwamba hakwenda popote. Lakini Daudi, nabii Nathani alipomkabili, alikiri kwa maneno machache, akasamehewa, ingawa msiba haukumkosa nyumbani mwake. Gehazi alitoka na ukoma wa Naamani, yeye na uzao wake.

Basi nawasihi: mtunza hazina ambaye jicho lake limeanza kulizoea sanduku la sadaka, amwendee mzee wa kanisa leo hii, aombe funguo zishikwe na watu wawili. Na mume aliyeanza kufuta ujumbe katika simu yake amweleze mkewe kabla hajaulizwa.