NESI MMOJA, WAGONJWA AROBAINI: NANI ALAUMIWE?



Kila mara mwenzetu anapotoka hospitali twasikia maneno yale yale katika karakana na katika stesheni: "Manesi ni wavivu. Manesi hawana huruma." Sisi hatuyakubali maneno hayo, na leo twataka kueleza sababu.

Mwenzetu mmoja wa genge la njia ya reli alivunjika nyonga. Akalazwa wiki sita katika hospitali ambayo jina lake hatulitaji. Daktari alifanya kazi yake vizuri, na mfupa ukaunga. Lakini mtu huyo alitoka na kidonda kikubwa kiunoni, na kidonda hicho kikamweka nje ya kazi miezi mingine minne. Aliingia na ugonjwa mmoja, akatoka na mwingine.

Kidonda cha namna hiyo hutoka wapi? Mtu asiyeweza kujigeuza, uzito wa mwili wake huibana nyama kati ya mfupa na kitanda. Damu haipiti, na nyama isiyopata damu hufa. Tena kwa ngozi nyeusi kama yetu wekundu wa kwanza hauonekani vizuri, basi ni lazima kugusa kwa mkono, kusikia kama mahali pale pana joto au pamekuwa pagumu. Kinga yake si sindano wala vidonge. Kinga yake ni mikono na macho: kumgeuza mgonjwa, kwa kawaida kila baada ya saa mbili, kumkausha akilowa, kutazama kiuno na visigino, kuona kwamba amekula na amekunywa maji. Hiyo ndiyo kazi ya nesi, wala si kazi ndogo.

Sasa na tufanye hesabu. Usiku, wodi ile ilikuwa na wagonjwa 40 na nesi mmoja. Tuseme ni 25 tu kati yao wasioweza kujigeuza, na kila mmoja achukue dakika 5. Hizo ni dakika 125. Saa mbili zina dakika 120. Nesi hajapumzika hata mara moja, na tayari ana deni la dakika 5. Bado hajapima joto la mtu wala mapigo ya moyo. Bado hajanawa mikono kati ya mgonjwa na mgonjwa, na asiponawa atachukua uchafu wa kidonda cha huyu ampelekee yule. Bado hajagawa dawa, na dawa haigawiwi kama posho ya unga. Ni lazima ahakikishe mambo matano: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, saa ndiyo, na njia ya kuitia mwilini ndiyo. Akikosea moja, mtu aweza kufa.

Je, sisi watu wa reli hatuyajui mambo haya? Mtu mmoja akipewa kulinda ishara za stesheni tatu kwa wakati mmoja, na treni zikagongana, tutasema alikuwa mvivu? Hapana. Tutauliza: nani aliyepanga zamu ile?

Wala si sisi tu tunaosema hivi. Mwaka 2002, huko Marekani, Linda Aiken na wenzake walitoa hesabu yao kutoka hospitali 168 za Pennsylvania. Waliona kwamba kila mgonjwa mmoja anapoongezwa juu ya mzigo wa nesi, hatari ya mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 ilikuwa kubwa zaidi kwa asilimia 7. Katika jimbo la California sheria ilipitishwa mwaka 1999, ikaanza kutumika mwaka 2004, na tangu 2005 nesi wa wodi ya kawaida ya watu wazima asipewe wagonjwa zaidi ya 5. Sheria hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Manesi waliipigania kwa chama chao.

Wakubwa wana jibu lao. Husema, "Uuguzi ni wito." Na hutuonyesha picha ya Florence Nightingale na taa yake. Hawasemi kwamba mama huyo, baada ya vita vya Crimea, aliwahesabu askari waliokufa na kuwachorea wakubwa wa Uingereza ili waone kwa macho yao kwamba wengi waliuawa na magonjwa, wala si na risasi. Hakuomba huruma tu, alidai hesabu. Na yule Msamaria mwema tuliyefundishwa habari zake shuleni, hakumwambia mwenye nyumba ya wageni kwamba kutunza mgonjwa ni wito. Alimlipa dinari mbili, akaahidi kulipa na zaidi.

Mwaka 2017 manesi wa Kenya waligoma tangu Juni hadi Novemba, wakitaka makubaliano yao ya mishahara na hali za kazi yatiwe sahihi. Wagonjwa waliteseka, nasi hatulifichi jambo hilo. Watu wengi waliwalaani manesi. Lakini ni wangapi waliouliza wagonjwa walikuwa wakiteseka namna gani kabla ya mgomo, usiku, katika wodi ya nesi mmoja? Mateso ya mgomo huandikwa magazetini. Mateso ya kila siku hayaandikwi.

Kwa hiyo twasema hivi. Kwanza, mwanachama asimtukane nesi mbele ya kitanda cha ndugu yake. Amwulize kwa heshima: "Sista, mko wangapi zamu hii?" Pili, kila tawi liandike jibu hilo, tarehe na jina la wodi, liwapelekee viongozi wetu. Tatu, viongozi wetu wakae na chama cha manesi, waende pamoja mbele ya kaunti, ambazo ndizo zenye hospitali nyingi za serikali tangu 2013, na wadai idadi ya manesi kwa kila wodi ibandikwe mlangoni, kila mtu aisome.

Nesi ni mfanyakazi kama sisi. Mzigo wake ukizidi, anayeangukiwa ni sisi tuliolala kitandani.

Umoja ni nguvu.