Gango la Kidole na Risiti Isiyosema Kitu

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF tuliyoizoea tangu 1966 ilipotupisha na SHA ikaingia, mazungumzo ya barazani hapa Mji wa Kale ni yale yale: asilimia 2.75 ya mapato, na kwa asiye na mshahara si chini ya Sh300 kwa mwezi. Yanayotoka mfukoni tumeyajadili sana. Kinachoandikwa kwenye risiti baada ya kutibiwa hakuna anayekisoma.

Nitatoa mfano mdogo, wa kidole.

Jirani yangu hushona kofia na kanzu. Mpira wa watoto ulimgonga ncha ya kidole cha kati, kano ya juu ikakatika, kidole kikainama kama ndoana. Katika hospitali moja ya kibinafsi akavalishwa gango la plastiki la kununuliwa tayari. Risiti ilikuwa na mstari mmoja: "vifaa", na pesa nzima mbele yake. Uvimbe ulipopungua gango likawa linateleza. Akarudi, akaambiwa alipe upya ada ya kumwona daktari. Akaona bora atulie nyumbani. Leo kidole hakinyooki, na sindano aishika kwa taabu.

Wenye kujua kazi hii watakwambia kwamba jeraha la namna hiyo kwa kawaida halihitaji kisu. Ncha ya kidole hushikiliwa imenyooka wiki sita hadi nane, usiku na mchana. Ikiinama mara moja tu, hesabu huanza upya. Hata kukiosha, kidole hulazwa juu ya meza kwanza ndipo gango litolewe. Na hapa kuna jambo letu sisi: wangapi hulivua mara tano kwa siku kwa ajili ya udhu? Sharia imeshaweka ruhusa ya kupangusa maji juu ya jabira. Masharti yake muulize sheikh wako. Lakini ni nani hospitalini aliyemwambia mgonjwa aulize?

Maana tiba yenyewe si kile kipande cha plastiki. Ni kukipima, kukirekebisha na kumwelekeza mgonjwa. Kuna gango la dukani, saizi ndogo, ya kati na kubwa. Kuna na lile ambalo mtaalamu hulifinyanga juu ya kidole chako, kwa plastiki inayolainika ndani ya maji ya moto. Likilegea hurudishwa majini, dakika chache, kazi imekwisha. Kuna na lenye springi, kwa kiungo kilichokakamaa. Hivi ni vitu vitatu tofauti, na bei zake haziwezi kuwa moja. Neno "vifaa" huvifunika vyote.

Marekani, bima ya serikali ya wazee, Medicare, huvitenga kwa nambari. L3925 ni la tayari lenye kiungo au springi, L3927 ni la tayari lisilo nayo, na L3933 ni la kutengenezewa mgonjwa mwenyewe. Maelezo ya hilo la mwisho yanasema wazi kwamba kuvalishwa na kurekebishwa vimo ndani ya bei. Sisemi Wamarekani ni malaika. Aprili 2019 walishtaki watu 24 kwa njama ya magango ya mgongo, mabega na magoti ambayo wagonjwa hawakuyahitaji, hasara zaidi ya dola bilioni 1.2. Wezi wako kila bandari. Ila bili inayotaja kifaa kwa jina humpa mgonjwa pa kuanzia anapouliza.

Sisi tunayo Katiba ya 2010. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo ya kumwezesha kufaidika kikamilifu na bidhaa na huduma. Gango ni bidhaa, kulivalisha ni huduma.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, iwe ni Makadara au kwenye kliniki ya ghorofani, uliza: gango hili ni la tayari au la kutengenezwa? Kurudi kulirekebisha kumo ndani ya bei hii? SHA yalipa kiasi gani, na mimi nalipa kiasi gani? Majibu yaandikwe kwenye risiti yenyewe. Karani akinung'unika kwamba foleni ni ndefu, na anung'unike. Ni mistari mitatu tu.