Herufi E Si Jina

Kwa zaidi ya miaka arobaini kompyuta nyingi duniani, zikiwemo zile za ofisi zetu za Kibaha na Kisarawe, zimeita hifadhi zake kwa herufi. C ni diski ya ndani. D, E na F ni chochote kitakachochomekwa baadaye. A na B zilikuwa za disketi, na ingawa disketi zimekufa, herufi zake zimebaki kama viti vya marehemu. Desturi hii ilikuwamo katika mfumo endeshi wa CP/M wa miaka ya 1970, ikaingia katika DOS mwaka 1981, na Windows ikairithi bila kuhoji. Nashikilia kwamba ni urithi mbovu, na kwamba gharama yake hawailipi wahandisi walioubuni bali makarani wa ngazi ya chini.

Ubovu wake ni huu: herufi haitaji kitu, hutaja zamu. Mgonjwa afikapo hospitali hupewa namba ya foleni, na namba hiyo inafaa kwa asubuhi ile tu. Hakuna daktari mwenye akili timamu atakayeandika jalada la mgonjwa kwa namba ya foleni, kwa sababu kesho namba 5 atakuwa mtu mwingine. Mfumo endeshi hufanya hivyo kila siku. Windows hukumbuka kwamba diski fulani ilikuwa E, lakini kumbukumbu hiyo imo ndani ya kompyuta, haimo katika diski. Ukihamia kompyuta nyingine, au ukikuta E imekwisha kukaliwa, mambo huanza upya.

Katika ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, kulikuwa na karatasi ukutani: kila Ijumaa jioni nakala ya kumbukumbu ipelekwe E. E ilikusudiwa kuwa diski ya nje inayofungiwa kabatini. Ijumaa moja mgeni aliyetoka Kisarawe alikuwa amechomeka flashi yake mapema, ikapewa E. Diski ya kabatini ikawa F. Karani alitii maagizo neno kwa neno, na majina ya wananchi pamoja na namba za viwanja vyao yakapanda basi kurudi Kisarawe mfukoni mwa mtu asiyejua alichobeba. Aliyeandikiwa barua ya kujieleza ni karani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Atazilindaje kwa chombo kinachomwonyesha herufi ilhali kitu kilicho nyuma yake kimebadilika?

Wafuasi wa Linux wasicheke. Majina yao sda na sdb nayo hufuata diski ipi imetambuliwa kwanza, na mpangilio huweza kubadilika kompyuta inapowashwa upya. Wao angalau wana utambulisho wa kudumu, ule wa UUID, wenye alama 36. Ni mzuri kwa mashine. Jaribu kumsomea mwenzako aliyeko Maneromango kwa simu.

Basi kila diski ipewe jina la kibinadamu, atasema mwingine. Mkazi wa Kibaha anaujua udhaifu wa dawa hiyo. Kongowe ipo Kibaha, na Kongowe nyingine ipo Mbagala. Kisarawe nayo ina Masaki yake, wala si ile ya mabalozi. Zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022 halikumlazimisha mtu kuacha kusema Kongowe. Lilitaka kila nyumba iwe na namba, barabara na postikodi, jina la mtaa likiendelea kutumika. Huo ndio mpango ninaoutaka kwa diski: jina alilochagua mwenyewe, na kando yake mtengenezaji, ukubwa, na tarakimu nne za mwisho za namba ya kiwandani. Vyote vionekane kabla ya kuandika chochote, na agizo la kunakili lifungwe kwa utambulisho. Diski iliyokusudiwa isipokuwapo, kazi isimame.

Hata UUID si kinga kamili, kwani anayenakili diski nzima hunakili na utambulisho wake, zikawa pacha wawili wenye cheti kimoja cha kuzaliwa. Hapo mfumo unapaswa kumuuliza mtu, siyo kuchagua kimyakimya.

Watengenezaji wako mbali, lakini mnunuzi mkubwa wa kompyuta hapa nchini ni Serikali, na Mamlaka ya Serikali Mtandao hutoa viwango na miongozo. Sharti moja liongezwe: programu yoyote ya kunakili kumbukumbu za umma itambue diski kwa namba yake ya kudumu, na isinunuliwe ikishindwa. Wakati tukilisubiri, maofisa TEHAMA wa halmashauri wabandue zile karatasi zinazosema E.