Bweha na Zizi Bovu

Asubuhi moja ya mwaka 1988 nilialikwa kuwinda bweha katika ranchi moja ya Kilimanjaro Magharibi. Kufika saa mbili, wanne walikuwa wamekwisha kuuawa. Mwenyeji wetu alidai wanamaliza wanakondoo wake. Mimi, kwa ukaidi wa kiualimu, niliomba kisu. Matumboni nilikuta panya na panzi. Mmoja tu alikuwa na kipande cha ngozi ya kondoo, na hicho huenda alikiokota mzogani. Zizi lenyewe lilikuwa na pengo la kupita ndama! Miiba ya mgunga ni bure, risasi hununuliwa. Siku hizi wapo hata wanaotia mizoga sumu, wakaua na tai. Nilimwonyesha lile pengo. Akajibu ataliziba baada ya mawindo ya Jumamosi.