Historia Yetu Ataiandika Nani? Somo la Mzee Mohamed Said

Makamanda, huku kwetu Mara historia ya nchi iko karibu, siyo ya vitabuni tu. Mtoto wa Kigera akienda ziara ya shule anapelekwa Butiama. Anaona makumbusho, anaona kaburi la Mwalimu pale Mwitongo, anarudi nyumbani na jibu moja kichwani: TANU ni Mwalimu, Mwalimu ni TANU. Na mimi nilirudi hivyohivyo. Mwalimu ni wa kwetu, nani akatae sifa ya nyumbani?

Aliyekuja kunisumbua ukubwani ni Mzee Mohamed Said wa Dar es Salaam. Huyu mzee kwa miaka mingi amefanya kazi moja tu: kukusanya historia ya kupigania uhuru wa Tanganyika kutoka kwa familia za watu ambao vitabu vya chama viliwaruka. Kitabu chake kikubwa, cha maisha ya Abdulwahid Sykes, kilitoka London mwaka 1998, kisha kikaja kwa Kiswahili. Tangu hapo hajanyamaza. Anaandika magazetini na mtandaoni, anajibu anayemuuliza, anajibu hata anayemtukana.

Hoja yake kwa kifupi ni hii. TANU haikuanguka kutoka mbinguni tarehe 7 Julai 1954. Kabla yake kulikuwa na African Association, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, na Kleist Sykes alikuwa mmoja wa waasisi na katibu wake. Kleist alikuwa mtoto wa askari Mzulu aliyeletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji. Mwanawe Abdulwahid alipigana vita Burma, akarudi, akaongoza chama hicho ambacho wakati huo kiliitwa TAA. Mwaka 1953 Nyerere akamshinda kwenye uchaguzi wa urais wa TAA. Mwaka uliofuata TAA ikawa TANU.

Sasa hapa ndipo pa kusikiliza. Mohamed Said anaeleza kwamba Abdulwahid hakununa. Alimpokea Nyerere nyumbani kwake Kariakoo, akamtambulisha kwa wazee wa mji, ambao bila wao mwalimu mgeni wa Pugu angehangaika sana. Abdulwahid alifariki mwaka 1968. Chuo cha Kivukoni kilipotoa historia ya TANU mwaka 1981, watu wa aina yake, kwa malalamiko ya Mohamed Said, hawakupewa nafasi waliyostahili.

Hebu tafakari kidogo. Chuo cha chama kinaandika historia ya chama, wakati chama chenyewe ndiyo serikali, na kingine hakiruhusiwi. Ungetegemea nini? Si lazima mtu adanganye. Inatosha kuchagua nani atajwe kwa ukurasa mzima na nani apitwe kwa mstari mmoja.

Na sisi wapinzani tumo kwenye hao waliopitwa. Vijana wangapi wa chama chetu wanamjua Zuberi Mtemvu? Aliondoka TANU mwaka 1958 akipinga uamuzi wa Tabora wa kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, akaanzisha chama chake, na mwaka 1962 akagombea urais dhidi ya Nyerere. Alipata kura kiduchu, lakini aligombea. Mwaka 1965 mlango ukafungwa kisheria, hadi 1992. Wakituambia upinzani ni mambo ya juzi yaliyoletwa na wazungu, tunakosa la kujibu kwa sababu hatujasoma.

Mimi sikubaliani na kila neno la Mohamed Said. Anatazama sana mchango wa Waislamu, na wapo wanaosema mizani yake imeelemea upande mmoja. Sawa. Mwenye hoja afanye alivyofanya yeye: akae na wazee, asome nyaraka, aandike. Na asije mtu akadhani namtumia kumpiga Mwalimu. Mwalimu akisimama na wenzake hapungui. Anayepunguzwa ni yule tunayemchonga kama sanamu, asiyekuwa na mtu wa kumshika mkono.

Kuna jambo jingine. Kabla ya Mohamed Said, mjukuu wa Kleist, Daisy Sykes Buruku, aliandika habari za babu yake akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na mwaka 1973 ikatoka kwenye kitabu alichohariri John Iliffe. Kazi ya mwanafunzi! Hakusubiri ruzuku wala semina. Alikuwa na karatasi za babu yake, akakaa akaandika.

Tuje nyumbani. Mwaka 2010 jimbo la Musoma Mjini lilichukuliwa na CHADEMA, akashinda Vincent Nyerere. Lilichukuliwaje? Nani alilala kituoni akilinda kura? Nani alipika, nani alitoa pikipiki, nani alifukuzwa nyumbani na ndugu zake kwa sababu ya bendera? Hapa Kigera kulikuwa na mzee aliyekuwa wakala. Alitunza fomu za matokeo na daftari lake ndani ya boksi la viatu. Nilimwahidi nitakuja na simu nimrekodi. Nikawa busy na mambo yangu, wiki ikawa mwaka. Nilipokwenda, nilikuta msiba umeshapita, na zile karatasi zimewashia mkaa. Hakuna wa kumlaumu. Aliyejua thamani yake nilikuwa mimi, na sikwenda.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi mali yetu ni watu, na daftari hatuna.

Kwa hiyo naomba kila kijana wa tawi atafute mzee mmoja au mama mmoja aliyekuwepo 1992, 1995 au 2010. Amkute mapema, amrekodi, apige picha kadi na karatasi zake, aandike tarehe na mahali. Na tuandike yote, hata ugomvi wetu wa ndani, hata waliotukimbia, hata tulipokosea wenyewe. Tukiandika ushindi tu, tutakuwa tumefungua Kivukoni yetu.

Mimi Jumamosi hii naanza na bibi mmoja hapa mtaani aliyekuwa anashona bendera. Safari hii sisubiri.