Kuna kupiga kiki na kuna kutafuta kiki

Mjini kuna staa mmoja, jina kapuni, aliyenunua pikipiki ya kizamani. Honda ya miaka ya 1970, ile yenye tangi refu na taa ya duara. Ikapakwa rangi mpya, kiti kikashonwa ngozi ya kahawia, picha zikapigwa za kutosha. Mashabiki wakamwaga moto na makopa. Leo chombo kiko uani kimefunikwa turubai, tairi zimekaa chini. Walio karibu naye wanasema hakijawahi kuvuka geti kwa nguvu zake chenyewe. Hata siku ya picha kilisukumwa.

Huyo alikuwa anatafuta kiki, akaipata, mambo yakaishia hapo. Hela ni zake. Tatizo ni kwamba watu wakiona hivyo wanaamini kumiliki pikipiki ya zamani ni mapambo ya wenye nazo. Siyo. Anayetaka kujua mapenzi ya pikipiki kuukuu yanafananaje aende Lusu, wilayani Nzega, mkoani Tabora, akawatazame wazee wanaopiga kiki ile nyingine, ya mguu.

Pale yupo mstaafu mmoja, zamani bwana shamba, mwenye Honda CG 125 aliyoitumia kazini mpaka ikapigwa mnada, akainunua mwenyewe. Haibebi abiria wala gunia la mpunga. Jumamosi asubuhi anaitoa, anaifuta, anaangalia oili, anapiga kiki mara mbili, inaitika, anaenda Nzega mjini kunywa chai na kurudi. Basi. Vijana wa kijiweni wanamcheka.

"Shikamoo mzee. Hilo dude si uuze tu? Halikuingizii hata buku."

"Marahaba mwanangu. Na wewe hilo lako likikuingizia, linabaki na nini?"

Kucheka kwao kunaeleweka. Unyamwezi ni nchi ya watu walioishi kwa kubeba. Wapagazi wa huku ndio waliotembea kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, kila mmoja na mzigo wa frasila 2 hivi, yaani zaidi ya kilo 30, wakatembea miezi. Leo mgongo umepumzika, bodaboda ndiyo inabeba: mama mjamzito, mkaa, kitanda, mbuzi, wanafunzi watatu. Sehemu kama hiyo, chombo kisichobeba kitu kinaonekana kama mtu mzima anayecheza kombolela. Na hoja ya hela si ya kubeza. Mstaafu anayenunua kabureta wakati mjukuu anadaiwa mchango wa shule lazima aulizwe maswali nyumbani, na Bibi ana haki ya kuuliza.

Lakini wanaomcheka wamekosea kitu kimoja kikubwa. Wanadhani lile dude halina uhusiano na maisha yao. Ukweli ni kwamba lile dude ndilo babu wa pikipiki wanazokalia.

Honda walizindua CG 125 mwaka 1976. Kabla ya hapo wahandisi wao walizunguka nchi za Asia wakaona jinsi pikipiki zinavyoteswa: mizigo kupita kiasi, oili haibadilishwi mpaka iwe kama lami, chujio la hewa limeziba vumbi na mwenye chombo hana habari. Badala ya kuwalaumu watumiaji, wakatengeneza injini ya kuvumilia. Injini nyingi za Honda za wakati ule zilikuwa na cheni ya taimingi inayozungusha kemshafti juu kwenye silinda hedi. Oili ikichafuka, huko juu ndiko kunakokufa kwanza. Kwenye CG wakaishusha kemshafti chini, karibu na oili, valvu zikawa zinasukumwa na vijiti virefu viwili. Cheni ya nyuma wakaifungia ndani ya boksi la bati ili vumbi na tope visiingie. Ikawa chombo cha watu wa kawaida kutoka Pakistani hadi Brazili.

Kisha Wachina wakainakili. Pikipiki nyingi za Kichina za sisi 125 na 150 zilizojaa Tanzania zina injini ya ukoo huohuo wa CG, vijiti vilevile, mpangilio uleule. Boxer haimo, ile ni ya Wahindi na ina ukoo wake. Ila kwa hizi nyingine, fundi anayeijua CG ya mzee ameshaijua nusu ya kijiwe. Ndiyo maana mzee hahangaiki sana na spea. Si kila kitu kinaingia bila kuchongwa, lakini gasketi, sahani za klachi na vitu vidogovidogo vya ndani anavipata Nzega kwenye duka lilelile wanalonunua bodaboda. Mwenye pikipiki ya zamani ya ukoo mwingine, tuseme Yamaha ya kuchanganya mafuta na oili, anaweza kusubiri spea mpaka mvua mbili zipite.

Sasa tazama mzee anafanya nini ambacho kijiwe hakifanyi.

Oili anabadilisha kwa kuhesabu kilomita, hasubiri iwe nyeusi. Injini ile inakula karibu lita 1 tu, na hiyo lita 1 ndiyo inalainisha pistoni, gia na klachi vyote kwa pamoja. Ikipungua nusu, hakuna akiba ya kukusamehe.

Tapeti anazipima asubuhi injini ikiwa baridi, kwa fila geji, milimita 0.08. Vijana wengi wanaziset kwa sikio, injini ikiwa bado ya moto, "ikilia vizuri imekaa". Ikilia kimya sana maana yake valvu imebanwa, haifungi sawasawa, na valvu isiyofunga huungua. Kelele kidogo ya tapeti ni afya. Ukimya mwingi ndio wa kuogopwa.

Chujio la hewa la sponji analiosha kwa mafuta ya taa, analikamua, analikausha, analipaka oili kidogo. Kiangazi cha huku vumbi lake ni laini kama unga. Likipita kwenye silinda linasaga ringi, na moshi wa bluu unaofuata hautibiwi kwa kubadilisha plagi.

Akijua hatapanda chombo kwa wiki kadhaa, anafunga koki ya mafuta na kumwaga petroli iliyobaki kwenye bakuli la kabureta. Petroli ikilala humo huacha utando kama gundi unaoziba jeti. Ndiyo ugonjwa wa ile Honda ya staa pale uani. Kwa kila dalili haijafa, imesahauliwa tu. Pikipiki kuukuu inauawa na kuegeshwa kuliko kuendeshwa: tangi linaota kutu ndani, mipira inakakamaa, tairi zinapasuka ubavuni, betri inakufa kimyakimya. Kutunza bila kuendesha ni kutunza picha.

Hapo ndipo hoja ya hela inapogeuka. Vijana wengi wa kijiweni wanaendesha kwa mkataba. Bosi ananunua pikipiki mpya, dogo anapeleka hesabu kila siku, miezi inakatika, mwisho wa mkataba pikipiki inakuwa yake. Kwenye karatasi ni mpango mzuri kinoma. Lakini mkataba unapoisha, anarithi nini? Mara nyingi anarithi injini inayotoa moshi, spoketi zilizochongoka kama meno ya msumeno, breki za kukanyaga mpaka chini. Amelipia chombo kizima, amepokea mkweche. Anauza kwa bei ya kutupa, anarudi kwa bosi kuomba mkataba mwingine, gurudumu linaanza upya.

Wapo watakaosema kosa ni la ubora wa Kichina. Sehemu ni kweli, chuma hakilingani. Lakini injini ya mtindo uleule iko kwa mzee imechakaa kuliko zote na bado inaitika kiki ya pili. Tofauti kubwa ni lita 1 ya oili, fila geji na nusu saa ya Jumamosi. Dogo atasema hana nusu saa, bosi anataka hesabu. Sawa. Ila siku ya kufungua injini inakula siku nzima na hesabu ya wiki.

Kwa hiyo starehe ya mzee ni shule, tena ya bure, na hakuna anayekwenda. Hilo ndilo la kusikitisha. Mafundi waliojifunzia kwenye Honda na Yamaha za idara za serikali na za misheni wanazeeka. Wao walifundishwa kutafuta ugonjwa kabla ya kununua dawa: tazama rangi ya plagi, sikiliza, nusa moshi, kisha ndipo ushike spana. Ufundi wa sasa mwingi ni wa kubadilisha: badilisha plagi, badilisha koili, badilisha kabureta, ikiwaka tumshukuru Mungu, na bili ni ya mteja.

Mzee naye asisifiwe mpaka akalewa. Anakwenda Nzega na kofia ya pama badala ya kofia ngumu, eti yeye hakimbii. Barabara inayopita Nzega ni ileile ya mabasi na malori ya Mwanza, na hayo hayaulizi umri wa mtu. Sheria ya kofia ngumu haina kipengele cha wastaafu. Breki za ngoma za chombo cha zaidi ya miaka 40, hata zikitunzwa vipi, hazisimami kama za leo, na taa yake usiku ni kama kibatari. Anayeipenda pikipiki ya zamani aijue mipaka yake: aende mchana, aachie nafasi, avae kofia. La pili, hela ya chombo iwe na mpaka unaojulikana nyumbani. Mapenzi ya siri kwa mashine huzaa ugomvi kama mapenzi mengine ya siri. La tatu, na ndilo zito zaidi, akiwafukuza vijana kwa ukali wa "usiguse, utaharibu", ujuzi wake atakwenda nao kaburini, na watoto watauza ile CG kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla arobaini haijafika.

Kijiwe kina wajibu wake pia. Badala ya kumtania mzee kila Jumamosi, kijana mmoja tu achukue kiti, akae pembeni yake asubuhi hiyo, amshikie tochi, aulize kwa nini 0.08 na si kukadiria. Haitamgharimu hata shilingi. Mwezi wa pili atapima za kwake mwenyewe. Mkataba ukiisha, bosi atakabidhi kadi, na kijana atakuwa amepewa pikipiki kweli, siyo kadi peke yake.