Mafuta Kwenye Ini Yasitufumbe Macho

Ndugu zangu wa Mugumu, mtu akipigwa picha ya utrasaundi akaambiwa ini lina mafuta, huikunja ile karatasi akaitia mfuko wa shati. Nyumbani humwambia mkewe, "Ni mafuta kidogo tu." Habari imekwisha. Nasema haijaisha, kwa sababu karatasi ile haisemi mafuta hayo yametoka wapi.

Huenda ni unene, kisukari au gongo. Huenda pia ni virusi vya homa ya ini aina ya C. Virusi hivi hutumia mafuta ya seli za ini ili kuzaliana, na huufanya mwili usiitii insulini, hivyo mafuta yakazidi kurundikana. Jamii moja ya virusi hivi, jenotaipu 3, iliyoenea sana Asia ya Kusini, hulijaza mafuta hata ini la mtu mwembamba. Virusi na mafuta vikikaa pamoja, makovu ya ini huongezeka upesi, na mgonjwa aweza kumaliza miaka 20 hasikii maumivu yoyote. Anakuja kushtuka tumbo limejaa maji.

Ugonjwa huu hupita kwenye damu. Misri walijifunza kwa machungu: kampeni za kudunga sindano za kichocho, hadi miaka ya 1980, zilirudia sindano zilezile kwa watu wengi, na maelfu kwa maelfu wakaambukizwa. Wazee wa mila wa Serengeti na Tarime, nawasihi: msimu wa tohara ukifika, wembe mmoja usiguse vijana wawili. (Wasichana siwataji, kuwakeketa ni jinai tangu sheria ya 1998, na hakuna wembe ulio salama kwao.)

Aina ya C haina chanjo, ila tiba ipo. Vidonge vya sofosbuvir na daclatasvir, kwa kawaida wiki 12, huponya zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100. Desemba 2018 jirani zetu Rwanda walitangaza mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu. Lakini aliyepona virusi akarudia gongo na kuacha kitambi kikue, ini lake litazidi kuumia, na anaweza kuambukizwa upya.

Basi ukipewa karatasi yenye neno mafuta, usitoke chumba cha daktari kabla hujauliza: "Je, damu yangu imepimwa homa ya ini, B na C?" Na ukikutwa na C, omba upimwe sukari na uzito siku hiyohiyo.